Taa za breki zimegoma? Pima kwanza, swichi utanunua baadaye

Karibu kila wiki kuna mtu anayefika gereji hapa Kariobangi, Nairobi, na swichi mpya ya breki mfukoni. Jirani amemwambia ni swichi, shemeji amemwambia ni swichi, na aliyemuuzia kule Kirinyaga Road hakuwa na sababu ya kumbishia. Anachotaka ni nimfungie tu aende. Namuuliza swali moja: "Ulipima?" Ananitazama kama nimemuuliza PIN yake ya M-Pesa.

Lalamiko huja kwa sura tatu. Taa za breki haziwaki. Taa za breki hazizimi. Au, "Fundi, gari imekataa kutoka P," ile nafasi ya kuegesha kwenye gia ya otomatiki. Yote matatu yako kwenye njia moja ya umeme, na swichi ni kituo kimoja tu kwenye njia hiyo. Wakati mwingine kweli ndiyo yenye makosa. Lakini swichi nyingi nilizoletewa "zimekufa" zilikuwa nzima kabisa.

Njia yenyewe ni fupi. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unafika kwenye swichi iliyo juu ya pedali ya breki, na hapo unasubiri. Pedali ikiwa juu, inaibana pini ya swichi ndani na umeme umekatwa. Ukikanyaga, pedali inaiachia pini, inachomoka, shaba mbili ndani zinagusana, na umeme unakwenda nyuma hadi kwenye balbu, kisha unarudi kupitia waya wa athi uliofungwa kwenye bodi. Shika hapo: swichi inawasha taa inapoachiwa, si inapobonywa. Wengi huiwaza kinyume, halafu vipimo vyote vinawachanganya.

Ninazungumzia magari yale tunayoyaona kila siku kwenye foleni ya Outer Ring: Vitz, Fielder, Probox, Note, Demio na ndugu zao. Kwa mengi ya hayo, umeme wa taa unapita ndani ya swichi yenyewe. Magari mengi ya Ulaya na ya miaka ya karibuni hupeleka ishara ya pedali kwa kompyuta kwanza, na kompyuta ndiyo inayowasha taa. Kama lako ni hilo, hatua za balbu, fyuzi na athi bado zinakufaa, ila waya za swichi usiziguse kwa testa ya balbu wala usiziunganishe. Hilo linahitaji mashine ya kusoma kompyuta.

Andaa vitu hivi

- Maltimita, kile kifaa cha kupimia volti. Ile ya bei ya chini ya Luthuli Avenue inatosha, mradi waya zake hazijakatika. Ijaribu kwenye betri ya gari kabla ya kuiamini.
- Testa ya balbu, yenye balbu halisi ya waya mwembamba ndani. Zile za LED zina kazi yake, lakini hapa zitakudanganya, na nitaeleza kwa nini.
- Kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 10 katikati. Tengeneza mwenyewe.
- Fyuzi mbili tatu za akiba na balbu moja mpya ya breki.
- Tochi ya kuvaa kichwani. Utakuwa umelala chali na mikono yote miwili ina kazi.
- Spana, bisibisi, tepu ya umeme, msasa laini.
- Mtu wa kukukanyagia breki. Ukimkosa, kata kipande cha ubao kinachofika kutoka kwenye kiti hadi kwenye pedali, kibane hapo.

Betri iwe na volti 12.4 au zaidi injini ikiwa imezimwa. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza, maana kila kipimo utakachopata kitakuwa na shaka. Vuta hendibreki, weka jiwe nyuma ya gurudumu. Na ukiona plagi za rangi ya njano chini ya dashibodi, zipite mbali. Hizo ni za mifuko ya hewa, na hazipimwi kwa testa.

Hatua ya 1: Hesabu taa kabla ya kugusa chochote

Mwambie msaidizi akanyage, wewe simama nyuma. Tazama kushoto, kulia na ile ya juu ya kioo.

Moja tu ikikataa, swichi haina kesi. Ingekuwa imekufa, hata hizo nyingine zisingewaka. Nenda moja kwa moja kwenye balbu na soketi yake. Zikikataa zote tatu, shuku fyuzi, swichi, au waya kati yao. Zikiwaka zote na hazizimi, anza na hatua ya 4.

Bila msaidizi wala ubao, rudisha gari nyuma karibu na ukuta jioni na utazame mwanga kwenye kioo cha ndani. Mlinzi wa geti pia husaidia, na hufurahi kuombwa.

Hatua ya 2: Balbu

Hapa ndipo ninapobishiwa sana. "Lakini balbu inawaka, fundi!" Ndiyo, inawaka taa ya usiku. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani: mmoja wa wati 5 kwa taa ya usiku, mwingine wa wati 21 kwa breki. Mmoja unaweza kuungua na mwingine ukabaki. Itoe balbu, iangalie kwenye mwanga. Uzi uliokatika unaonekana, na kioo kilichoingia weusi au umaziwa ni balbu ya kutupa.

Zote mbili kuungua si ajabu. Mtu huendesha miezi sita na balbu moja, kisha ya pili inamalizika siku moja Thika Road, naye anaapa kwamba zimezima pamoja.

Ukiweka mpya, hakikisha ni ya nyuzi mbili. Za duara zina pini mbili ubavuni zisizokaa kimo kimoja, na mtu mwenye nguvu anaweza kuilazimisha ya uzi mmoja ikaingia. Hapo taa ya usiku na ya breki zinagusana ndani ya soketi, na unaanza kuwinda hitilafu uliyoitengeneza mwenyewe.

Hatua ya 3: Fyuzi

Tafuta iliyoandikwa STOP kwenye mchoro wa kifuniko. Usiitoe kwanza. Bana klipu ya testa kwenye bodi, sehemu isiyo na rangi, kisha gusa vile vidoa viwili vya chuma juu ya fyuzi. Testa iwake pande zote mbili. Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Isipowaka pande zote, umeme haufiki hapo: jaribu tena ukiwa umefungua ufunguo, na kama bado, tatizo liko nyuma ya fyuzi, upande wa betri.

Fyuzi ikiwa imekatika, weka nyingine ya ampea zilezile na ukanyage. Ikikatika tena, usipandishe ampea. Piga hesabu: balbu mbili za wati 21 ni wati 42, gawanya kwa volti 12, unapata ampea 3.5. Ongeza taa ya juu na bado hujafika 10. Kwa hiyo fyuzi ya 10 haikatiki kwa kuzidiwa na taa, inakatika kwa sababu kuna shoti. Nimeona gari lenye fyuzi ya 30 pale pa STOP. Zulia la buti lilikuwa na alama ya kuungua yenye umbo la waya.

Hatua ya 4: Lala chini, utazame pedali

Sukuma kiti nyuma hadi mwisho, ingiza kichwa chini ya usukani. Fuata mkono wa pedali kwenda juu, utaona kidude cha plastiki chenye plagi ya waya mbili au nne na pini inayoelekea kwenye pedali. Hiyo ndiyo swichi.

Kabla ya kuigusa, tazama zulia.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii, gari letu la nyumbani lilikesha na taa za breki zikiwaka hapo Umoja, asubuhi betri imekufa. Nikanunua swichi. Nikaifunga, taa zikabaki zinawaka. Nikasema nimeuziwa mbovu, nikanunua nyingine duka jingine. Vilevile. Siku ya tatu nafagia zulia nikaona vipande vidogo vya plastiki ya kahawia, ukivibana kwa vidole vinasagika kama ganda la karanga. Pale pedali inapogusana na swichi kuna tundu, na tundu hilo huzibwa na kizibo cha plastiki au mpira. Kilikuwa kimezeeka kikapasuka. Pini ya swichi ilikuwa inapenya kwenye tundu, haibanwi na kitu, na swichi inaamini breki imekanyagwa usiku kucha.

Kizibo hicho ni rahisi mno kuliko swichi. Ukikikosa kwa siku hiyo, boliti fupi yenye kichwa bapa na nati kwenye tundu lile itakufikisha, ila nati iwe imekazwa sawasawa. Kitu chochote kinachoweza kuanguka kikabanwa chini ya pedali ya breki hakifai kuwa hapo.

Kizibo kikiwa kizima, bonya pini kwa kidole huku msaidizi amekanyaga pedali. Taa zikizima ukibonya na kuwaka ukiachia, swichi inafanya kazi. Tatizo lake litakuwa kukaa mbali na pedali, na dawa yake ni kuirekebisha tu.

Hatua ya 5: Pima kwenye swichi

Acha plagi ikiwa imechomekwa. Ingiza ncha ya testa kwa nyuma ya plagi, pale waya unapoingia. Usitoboe ganda la waya. Tundu lile halionekani, lakini mvua ya Aprili italiona, na mwaka ujao utakuta shaba imegeuka unga wa kijani.

Kwa swichi ya waya mbili:

1. Pedali ikiwa juu, waya mmoja uwashe testa na mwingine usiwashe.
2. Ukikanyaga, zote mbili ziwashe.
3. Hakuna unaowasha hata mmoja: umeme hautoki kwenye fyuzi kuja hapa. Swichi haina kosa.
4. Mmoja unawasha, wa pili haupati kitu hata ukikanyaga: swichi imekufa, au pini haichomoki vya kutosha.
5. Zote zinawasha na taa za nyuma bado giza: swichi inapitisha, nenda hatua ya 7.

Ya waya nne ina swichi mbili ndani ya ganda moja. Jozi moja ni ya taa, ya pili huenda kwa kompyuta na mara nyingi hufanya kinyume: inapitisha pedali ikiwa juu, inakata ukikanyaga. Tumia maltimita hapa, si testa, hadi utambue jozi ya taa. Mtu akikuambia "unganisha zote tu", mwachie gari lake aunganishe.

Hatua ya 6: Iruke swichi

Kama hatua ya 5 imekuonyesha kwamba swichi haipitishi, chomoa plagi na uunganishe waya mbili za taa kwa kile kipande chako chenye fyuzi. Taa zikiwaka zote, sasa una ruhusa ya kwenda kununua swichi. Zisipowaka, usinunue, maana hata ukifunga mpya zitabaki giza.

Hii ni ya kupima tu kwa dakika moja. Kuna watu huacha waya hiyo hapo na kuendesha taa zikiwaka muda wote. Aliye nyuma yako Waiyaki Way hataweza kujua lini unasimama.

Hatua ya 7: Volti zinadanganya

Fielder moja ililetwa hapa mwenyewe akiwa amebadilisha balbu mara tatu. Alikuwa na maltimita na alijua kuitumia. "Volti 12 zinafika kwenye soketi, fundi, nimeona kwa macho yangu." Na kweli, maltimita ilisoma 12.3. Nikaweka testa ya balbu hapohapo, ikatoa mwanga hafifu wa kaa linalokufa. Tulipoufungua ule waya, nyuzi za shaba zilikuwa zimeliwa na kutu, umebaki uzi mmoja mwembamba kama unywele.

Ni kama mfereji siku maji yanaporudi baada ya mgao. Ukiufungua kidogo, yanachuruzika, unafurahi. Ukiweka ndoo na kufungua wote, unasikia upepo. Maltimita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo uzi mmoja unatosha kuionyesha volti 12. Balbu ya wati 21 inataka ampea 1.75, na uzi mmoja hauwezi. Testa ya LED nayo haivuti kitu, ndiyo maana nilikukataza.

Ukiwa na maltimita pekee, pima taa zikiwa zimewashwa. Weka kwenye volti za DC, skeli ya 20, breki imekanyagwa:

- Ncha moja waya wa kuingia kwenye swichi, nyingine waya wa kutoka. Swichi nzima itasoma karibu 0, hadi 0.2 hivi. Ikizidi nusu volti, shaba zake ndani zimeungua na swichi inabadilishwa hata kama taa zinawaka. Ikisoma 12, haipitishi kabisa.
- Ncha moja waya wa athi wa soketi ya nyuma, nyingine chuma safi cha bodi. Hapa pia utarajie karibu 0. Ukiona volti 1 au zaidi, athi ni mbaya.

Hatua ya 8: Soketi, athi na lile bomba la mpira

Athi mbaya ina ishara unayoweza kuijua bila kipimo: umewasha taa za usiku, ukikanyaga breki, taa ya usiku inafifia au indiketa inapata mwanga ambao haukuitwa. Umeme umekosa njia ya kurudi, unatafuta nyingine kupitia balbu ya jirani. Fungua boliti ya athi, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza.

Soketi yenye plastiki iliyoyeyuka ibadilishwe. Kuikunja shaba yake ili ibane ni kujipa kazi ya wiki ijayo.

Na kwenye gari lenye mlango wa nyuma unaopanda juu, taa ya tatu ikikataa peke yake, vuta lile bomba la mpira kati ya bodi na mlango. Waya za humo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Shika waya mmojammoja uvute polepole. Waya mzima hukataa. Uliokatika ndani unanyooka kama lastiki, kwa sababu ulichoshika ni ganda tu. Ungia kipande kipya chenye urefu wa ziada kidogo, na maungio yakae nje ya bomba, pasipokunjwa.

Hatua ya 9: Kufunga swichi mpya

Nenda dukani na ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya pini, umbo la plagi na urefu wa pini inayogusa pedali. Ex-Japan, yaani iliyotumika kutoka Japani, ukaijaribu hapohapo kaunta kwa maltimita ni bora kuliko mpya isiyolingana.

Zenye nati mbili unazisogeza mbele au nyuma, kisha unakaza. Zile za kuzungusha unazichomeka pedali ikiwa juu kabisa hadi ziguse kizibo, kisha unazungusha robo hadi zijifunge. Mwili wa swichi ukae milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye pedali, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Ikiwa mbali mno, taa hazizimi. Ikiwa karibu mno, hilo ndilo la kuogopa: swichi itaizuia pedali kurudi juu, breki zitabaki zimeshika kidogo, na utagundua kwa harufu ya magurudumu ukifika Limuru. Baada ya kufunga, pedali ichezecheze juu kama ilivyokuwa.

Ukikwama

*Taa hazizimi hata nimechomoa swichi.* Basi si swichi. Umeme unaingia njiani baada ya swichi. Tafuta kazi ya mkono wa mtu: alamu, kamera ya nyuma, taa za tela. Usiku toa fyuzi ya STOP ili kuokoa betri, lakini usiendeshe hivyo, na ujue huenda gari likakataa kutoka P.

*Fyuzi inakatika kila nikikanyaga.* Toa balbu zote za breki, na uchomoe plagi ya taa ya juu. Badala ya fyuzi, chomeka balbu ya wati 21 yenye waya mbili. Kanyaga. Ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Sasa tikisa waya sehemu kwa sehemu, buti, bomba la mpira, chini ya vizingiti vya milango. Ikizima ghafla, mkono wako uko palepale penye shida, na hujachoma hata fyuzi moja.

*Gari imekataa kutoka P na taa za breki haziwaki.* Leva ya gia inasubiri ishara ileile ya breki. Rekebisha taa, nayo itajifungua. Kama uko barabarani, magari mengi yana kitufe au kifuniko kidogo karibu na leva. Fungua ufunguo, kanyaga breki, bonya hapo kwa bisibisi, sogeza leva. Gari linalowashwa kwa kitufe nalo linaweza kukataa kuwaka kwa sababu hiyohiyo.

*Imekataa kutoka P lakini taa zinawaka vizuri.* Sehemu ya taa kwenye swichi ni nzima. Angalia jozi ya pili kama una waya nne, kisha kufuli la umeme lililo chini ya leva. Ukikanyaga breki ufunguo ukiwa umefunguliwa, linatakiwa lilie "ta" kidogo.

*Nimeweka balbu za LED, zinawaka kidogo hata sijakanyaga.* Rudisha za kawaida kwa siku moja. Zikikaa kimya, una umeme kidogo unaovuja ambao balbu ya kawaida haiuhisi, mara nyingi kwenye soketi yenye unyevu au athi chafu.

*Nimefuata yote, taa zinawaka hapa gereji, nikienda zinakata.* Endesha kwenye barabara ya mashimo na mtu nyuma yako, muulize zinakata lini. Zikikata kwenye mashimo, ni plagi au waya uliolegea. Zikikata baada ya kukaa sana kwenye foleni mguu ukiwa kwenye breki, rudia kile kipimo cha hatua ya 7 kwenye swichi ikiwa imepata moto, dakika kumi baada ya kuanza kukanyaga, wala usikubali jibu la ikiwa baridi.